Yakuti Samawi na Chuma cha Pua: Tamthilia Iliyokosea Kemia

Katika nyumba moja ya kale nchini Uingereza, nyumba iliyojaa saa za ukutani na za mezani, mvulana ameketi jikoni akifanya kazi aliyopewa shuleni. Orofani wazazi wake wanamsomea binti yao mdogo nyimbo za watoto kabla hajalala. Ghafla milio ya saa inakoma. Zote zimesimama kwa pamoja. Mvulana anapanda ngazi, anafungua mlango wa chumba, na humo anamkuta dada yake peke yake. Baba na mama hawapo, wala hawakutoka mlangoni.

Ndivyo ilivyoanza, tarehe 10 Julai 1979, tamthilia ya televisheni iitwayo Sapphire & Steel, yaani Yakuti Samawi na Chuma cha Pua. Mtunzi wake alikuwa P. J. Hammond, ambaye awali aliiwaza kuwa hadithi ya watoto. Ilitengenezwa na kampuni ya ATV na kuonyeshwa katika vituo vya ITV vya Uingereza, mara mbili kwa juma kila kisa kilipokuwa kikiendelea, hadi tarehe 31 Agosti 1982. Sehemu zake zote ni 34, kila moja ya dakika zipatazo 25, nazo zimegawanyika katika visa sita vinavyojulikana kwa namba tu: Kazi ya Kwanza, Kazi ya Pili, na kuendelea. Joanna Lumley aliigiza Sapphire. David McCallum, aliyefariki mwaka 2023, aliigiza Steel.

Tamthilia hiyo ilipokuwa ikionyeshwa, Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973. Wengi wanaoifahamu leo ni watu walioikuta baadaye katika kanda na diski, na miongoni mwao wamo ambao hawakuwa wamezaliwa ilipomalizika. Watazamaji wake si wengi kama wa michezo mikubwa ya vita vya anga, lakini wanaoipenda huipenda kwa dhati, nao hukumbuka baada ya miaka mingi chumba fulani, ngazi fulani, au kivuli fulani kilichowanyima usingizi.

Kwa mwalimu wa sayansi tamthilia hii ina mgogoro wa pekee. Kila sehemu hufunguliwa kwa maneno ya kikemia ambayo mwanafunzi wa sekondari angeweza kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo, baada ya maneno hayo hufuata uchunguzi wa utaratibu ambao vitabu vingi vya kiada hushindwa kuufundisha. Je, kitu kinachokosea mambo ya hakika chaweza kumfaa mwanafunzi wa sayansi? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa ushahidi wa tamthilia yenyewe.

MANENO YA DIBAJI

Katika dibaji, sauti nzito humweleza mtazamaji kwamba kasoro zinazotokea zitashughulikiwa na nguvu zinazotawala kila upande wa ulimwengu. Elementi nzito kupita uraniamu haziruhusiwi kutumika mahali penye uhai. Zenye uzito wa kati zinapatikana. Kisha hutajwa tisa: dhahabu, risasi, shaba, jeti, almasi, radiamu, yakuti samawi, fedha, na chuma cha pua. Mwisho hutangazwa kwamba wawili kati ya hao wametumwa.

Katazo la kwanza lina maana. Uraniamu ni elementi ya 92. Zinazoifuata zote ni nururifu, yaani viini vya atomu zake huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi, na karibu zote hupatikana kwa kutengenezwa na binadamu. Neptuniamu, ya 93, ilitambuliwa mwaka 1940 huko California. Plutoniamu, ya 94, ikafuata muda mfupi baadaye. Haikupita miaka mitano plutoniamu hiyo ikawa ndani ya bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Mtu anayesema kwamba vitu vya namna hiyo visikaribishwe penye uhai hasemi upuuzi.

Matatizo huanza katika orodha. Dhahabu (79), risasi (82), shaba (29), radiamu (88) na fedha (47) ni elementi kweli. Almasi ni kaboni tupu, hivyo yaweza kupita, ijapokuwa jina lake ni la umbo mojawapo tu la kaboni; ndugu yake ni grafati iliyomo ndani ya penseli ya mwanafunzi. Lakini tatu zilizosalia si elementi kabisa. Jeti ni mabaki ya miti ya kale yaliyogeuka kuwa kitu cheusi cha jamii ya makaa ya mawe, nacho hung'arishwa na kufanywa mapambo. Yakuti samawi ni msombo: oksidi ya alumini, yenye atomu mbili za alumini kwa kila atomu tatu za oksijeni. Ikiwa safi haina rangi. Buluu yake hutokana na chembe chache za chuma na titaniamu zilizoingia ndani ya kristali. Zikiingia za kromiamu badala yake, jiwe huwa jekundu na kuitwa yakuti nyekundu. Mawe ya jamii hii huchimbwa katika bonde la Umba mkoani Tanga na huko Tunduru, kwa hiyo mwalimu wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chuma cha pua nacho ni aloi: chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, kwa kawaida isiyozidi asilimia 2.

Kwa hiyo wahusika wakuu wawili, ambao majina yao ndiyo jina la tamthilia, si elementi hata mmoja.

Kosa la pili li katika maneno "uzito wa kati". Uzito wa atomu ya shaba ni kama 63.5 na wa fedha ni kama 108. Hizo zaweza kuitwa za kati. Lakini dhahabu ni 197, risasi 207, na radiamu 226. Hizo ni nzito kwa kipimo chochote. Tena radiamu, iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, ni nururifu sana. Ni ajabu kuifungia plutoniamu mlango kwa ajili ya usalama wa viumbe na papo hapo kuikaribisha radiamu. Katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana nchini Marekani waliajiriwa kupaka namba za saa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Walichongoa brashi zao kwa midomo, kama walivyoelekezwa. Mifupa ya taya zao ikaoza, na baadhi yao wakafa. Katika tamthilia inayoanza kwa nyumba iliyojaa saa, jina la radiamu lina kivuli kizito kuliko mtunzi alivyoonyesha.

Pamoja na hayo, majina hayakutupwa ovyo. Steel ni mgumu, baridi, asiyepinda. Sapphire ni mng'avu, na macho yake huwaka buluu anapotumia uwezo wake wa kutambua umri na asili ya kitu kwa kukigusa. Na yumo mwenzao Silver, aliyeigizwa na David Collings, fundi wa vyombo na mitambo. Hapa tamthilia imepatia, kwa kuwa fedha ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote.

Katika Kazi ya Kwanza, Steel hujipoza karibu na sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, ili kumshinda adui. Lead, yaani Risasi, ndiye anayemkinga asidhurike. Mwanafunzi mwangalifu atauliza maswali mawili. La kwanza ni kama chuma cha pua hustahimili baridi. Aina nyingi zake hazistahimili: zikipozwa sana huvunjika kama kigae badala ya kupinda. Mwezi Januari 1943 meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, maji yakiwa matulivu. Baridi, udhaifu wa chuma na kasoro za kulehemu vilishirikiana. La pili ni kama risasi huzuia joto. Ni kweli kwamba shaba hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko risasi, lakini risasi hubaki kuwa metali, na metali si blanketi. Sifa yake ya kukinga ni dhidi ya mionzi, wala si dhidi ya baridi.

VITISHO VYA BEI NDOGO

Tamthilia hii ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na mtazamaji huliona jambo hilo mara moja. Karibu yote ilirekodiwa ndani ya studio, kwa ukanda wa video. Hakuna miji ya sayari nyingine, wala vyombo vya angani, wala silaha za miale. Kuna nyumba moja. Kuna stesheni moja ya reli iliyoachwa. Kuna vyumba vya ghorofa, duka lenye picha za kale, jumba la kifahari, na kituo cha petroli chenye mkahawa. Mara nyingi wahusika hawafiki kumi. Mgomo wa wafanyakazi wa ITV, ulioanza Agosti 1979 na kumalizika Oktoba, uliikatiza Kazi ya Pili ikiwa njiani.

Lakini ukosefu huo uliwalazimisha watengenezaji kutafakari. Katika Kazi ya Kwanza, adui anayetambaa ndani ya nyumba ni duara la mwanga sakafuni. Hana meno wala makucha. Ni mwanga tu unaosogea mahali ambapo hapana taa inayousababisha, nao unapanda ngazi. Mtazamaji anayefahamu kwamba kila mwanga una chanzo chake huogopa zaidi kuliko asiyefahamu, kwa sababu anachokiona kinavunja kanuni anayoiamini. Hofu hapa haikununuliwa dukani. Imejengwa juu ya elimu ya mtazamaji mwenyewe.

Hali kadhalika sauti. Saa zinagonga, kisha zinanyamaza. Na ukimya unaofuata ndio unaotisha. Katika stesheni ya Kazi ya Pili, mluzi wa askari asiyeonekana unasikika gizani, na mtazamaji anajaza giza hilo mwenyewe.

WAKATI NI KITU GANI?

Adui wa kweli katika visa vyote ni Wakati. Sapphire anawaeleza watoto wa Kazi ya Kwanza kwamba wakati ni kama ukumbi mrefu unaovizunguka vitu vyote. Mahali ukuta wake ulipochakaa, mambo ya mwanzo na ya mwisho wa wakati hujaribu kupenya na kunyakua. Vitu vya kale huudhoofisha ukuta huo: nyimbo zilizorithiwa, samani za zamani, picha za marehemu. Ndiyo maana wazazi wale walitoweka walipokuwa wakisoma nyimbo za kale ndani ya nyumba ya kale.

Fizikia haiufahamu Wakati kuwa kiumbe mwenye njaa. Lakini swali lililo chini ya hadithi, yaani kama mambo yaliyopita yamepita kabisa, ni swali la kisayansi, na majibu yake yanashangaza.

Nuru ya jua humchukua msafiri wake, yaani nuru yenyewe, dakika 8 na kitu kufika duniani. Alpha Centauri, nyota ing'aayo katika anga la kusini na kuonekana vizuri kutoka Afrika Mashariki, huonekana leo kama ilivyokuwa zaidi ya miaka 4 iliyopita. Kundi la nyota la Andromeda, ambalo usiku wa giza totoro laweza kuonekana bila darubini, huonekana kama lilivyokuwa miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Mwanafunzi anayetazama juu usiku hatazami wakati mmoja. Anatazama nyakati nyingi zilizofika kwake kwa pamoja.

Kazi ya Nne inalikaribia wazo hilo kwa njia yake. Humo mna kiumbe asiye na uso ambaye amejificha ndani ya kila picha iliyopata kupigwa. Watoto wa picha za karne ya kumi na tisa wanatoka na kucheza uani, na mwanamke aliyenaswa ndani ya picha anaangamia picha inapochomwa moto. Hakuna picha iliyo na mtu ndani yake. Lakini picha ya filamu ni alama iliyoachwa na nuru ileile iliyoakisiwa na uso wa mtu yule, siku ile, ikagusa chumvi za fedha na kuzibadili. Kwa maana hiyo finyu, siku iliyopita imeacha mguso wake juu ya karatasi, na fedha ndiyo iliyoutunza.

Tena wakati haupiti kwa mwendo mmoja kila mahali. Einstein alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1905, na akaliendeleza miaka kumi baadaye. Mwezi Oktoba 1971, Wamarekani Joseph Hafele na Richard Keating walichukua saa nne za atomu za sesiamu, wakazunguka nazo dunia kwa ndege za abiria, kwanza kuelekea mashariki, kisha kuelekea magharibi. Waliporudi wakazilinganisha na saa zilizobaki chini. Safari ya mashariki ilikuwa imezichelewesha kwa wastani wa nanosekunde 59. Ile ya magharibi ilikuwa imezitanguliza kwa nanosekunde 273. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni moja ya sekunde, hivyo hakuna abiria aliyeona tofauti. Hata hivyo saa za satelaiti zinazoongoza simu na meli za leo zingetangulia saa za duniani kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku kama zisingerekebishwa, na kosa hilo likiachwa lingepoteza njia ya meli kwa kilometa kadhaa.

Jambo moja tu ambalo Sapphire hulifanya mara kwa mara bado ni mwiko: kurudisha wakati nyuma kidogo ili kuona kilichotokea. Sukari iliyoyeyuka katika chai haijirudishi kuwa punje. Kanuni ya pili ya thamodainamiki inasema kwamba vitu vikiachwa vyenyewe huelekea kwenye mchafuko zaidi, na kwa sababu hiyo wakati una upande mmoja wa kuendea. Tamthilia inaivunja kanuni hiyo. Lakini inaivunja kwa kiasi, kwa gharama, na bila kusahau kwamba inaivunja.

NJIA YA UCHUNGUZI

Hapa ndipo ilipo thamani yake kubwa. Sapphire na Steel hawafiki mahali wakiwa na jibu mfukoni. Wanafika, wanauliza nyumba ina umri gani, ni nani aliyekuwapo, ni maneno gani yaliyosomwa na kwa mpango gani. Wanatenganisha kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Wanabuni dhana, wanaijaribu, na ikishindwa wanaiacha. Mara nyingi jaribio la kwanza hushindwa na hali kuwa mbaya zaidi. Sehemu 8 za Kazi ya Pili ni kama zamu ndefu ya maabara, ambamo saa nyingi hupita katika kungoja na kutazama kabla ya jambo moja kueleweka.

Katika stesheni hiyo wanamkuta mzee aitwaye Tully, mtafiti wa mizimu asiye na cheo. Ana chombo cha kurekodia sauti, ana kipimajoto, ana daftari. Ni mpole na mwaminifu, ingawa Steel humdharau. Wanayemchunguza ni mzuka wa askari aliyeuawa wakati mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa tayari yamesimamishwa. Habari hiyo si ngeni Afrika Mashariki: mapatano yalitiwa saini Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini habari zilichelewa kufika huku, watu wakaendelea kupigana, na majeshi ya Wajerumani hayakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia. Askari wa hadithi amewakusanya wenzake waliokufa kwa dhuluma, na giza fulani linajilisha uchungu wao.

Steel anagundua namna ya kuliondoa giza hilo. Litakubali kuwaachia wafu ikiwa litapewa uchungu mkubwa zaidi, yaani kifo cha mtu ambaye hakustahili kufa wakati huo. Steel anamtoa Tully. Tully hakuulizwa. Mahesabu ni sahihi, tatizo linatatuliwa, stesheni inatulia. Na mtazamaji anabaki na simanzi ambayo hakuna sehemu inayofuata inayokuja kuituliza.

Tamthilia haimwambii mtazamaji kama Steel alifanya vyema. Lakini watu walio hai walikwisha kukabiliwa na swali hilohilo. Huko Tuskegee nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende waliachwa bila matibabu ili mwendo wa ugonjwa uchunguzwe. Hawakuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Habari zilipofichuka, tume iliundwa, na taarifa yake, iitwayo Taarifa ya Belmont, ilitolewa mwaka 1979, mwaka uleule Steel alipoonekana mara ya kwanza. Taarifa hiyo ilishikilia kwamba mtu asitumiwe katika utafiti bila ridhaa yake, na kwamba taabu ya utafiti isitwikwe wanyonge ili wengine wafaidi. Hakuna dalili kwamba Hammond alikuwa akiijibu taarifa hiyo. Lakini mwanafunzi anayemhurumia Tully amekwisha kuielewa sehemu kubwa ya maneno yake.

KATIKA DARASA

Je, basi, kitu kinachokosea chaweza kumfaa mwanafunzi? Chaweza, kwa sharti moja: mwanafunzi afundishwe kukipima badala ya kukimeza. Kosa linalojulikana ni chombo cha kufundishia, na tena ni chombo cha bei nafuu. Hata shule isiyo na televisheni wala maabara yaweza kufanya mambo yafuatayo.

Kwanza, mwalimu aandike ubaoni majina yale tisa, bila maelezo. Wanafunzi wayagawe katika mafungu: elementi, msombo, aloi, na kitu kisichokuwa na fomula moja. Ubishi utaanzia kwenye almasi, na hapo ndipo somo litakapopendeza.

Pili, vikusanywe vizibo 100 vya chupa za soda. Vitiwe ndani ya ndoo, vitikiswe, vimwagwe sakafuni. Vyote vilivyolala kifudifudi viondolewe na kuhesabiwa kuwa vimevunjika. Vilivyobaki vihesabiwe na kurudishwa ndoo, na zoezi lirudiwe. Kizibo hakina pande mbili zinazolingana kabisa, kwa hiyo huenda vinavyobaki kila mara visiwe nusu kamili. Wanafunzi watafute ni sehemu gani, kisha wajaribu tena kwa sarafu na kulinganisha. Matokeo yachorwe katika grafu. Mkunjo utakaopatikana ni wa umbo lilelile la kuvunjika kwa radiamu, ambayo nusu yake hutoweka kila miaka 1,600. Ikiwa mmwago mmoja wa sarafu ni miaka 1,600, mimwago minne ni miaka 6,400, na katika sarafu 100 zitakuwa zimebaki kama 6. Hakuna awezaye kusema ni sarafu gani itakayofuata, lakini kila mmoja aweza kusema ni ngapi. Hiyo ni saa isiyosimama hata nyumba nzima ikinyamaza.

Tatu, kisa cha Tully kisimuliwe, na darasa ligawanywe pande mbili za mjadala.

Tamthilia yenyewe ilimalizika bila kujibu. Katika Kazi ya Sita, Sapphire na Steel wananaswa ndani ya mkahawa wa kituo cha petroli. Wanafungua pazia la dirisha, na nje hakuna barabara tena. Kuna nyota tu, pande zote. Mwanzoni mwa mwaka 1982 kampuni ya Central ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya ATV, na visa vingine havikutengenezwa kwa televisheni. Vilifuata tu visa vya sauti, kati ya 2005 na 2008, vikiwa na waigizaji wengine. Wale wawili wa kwanza wangali dirishani.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kati ya vitu tisa vya dibaji, ni vipi vyenye kaboni? Tofauti zao zinatokana na nini?

2. Iwapo ungepewa kazi ya kuisahihisha orodha hiyo bila kuondoa majina ya Sapphire na Steel, ungebadili neno gani moja ili dibaji iwe kweli?

3. Nyota ikizimika leo, watu wa duniani watajuaje, na lini?

4. Steel aliyaokoa maisha ya wengi kwa uhai wa mmoja ambaye hakuulizwa. Je, jibu lako lingebadilika kama Tully angeulizwa na kukubali? Lingebadilika kama angeulizwa na kukataa?